Foleni ya Kina Karima

Jumatatu, tarehe 9 Machi. Asubuhi hiyo mawingu yalishuka chini lakini mvua haikunyesha, na jasho lilinata mgongoni kama gundi. Kwenye kioski cha maji, muuzaji alilamba kidole gumba, akahesabu noti zilizotoka ndani ya soksi na sidiria za watu, kisha akalamba tena.

“Ndoo moja, Karima tatu,” akasema.

Karima watatu wakatokea mwisho wa foleni, miguu peku, kila mmoja na ndoo tupu ya bati. Karima alikuwa mwanamke aliyewachotea wagonjwa maji bure mwaka wa kipindupindu, mpaka naye akafa. Jina lenyewe maana yake ni mkarimu, na serikali ikaona linafaa kuwa jina la fedha. Tangu hapo akitajwa huja, kwa idadi iliyotajwa. Madukani watu walionyesha bei kwa vidole tu, wasimtaje, kwa sababu nafasi ni ndogo. Muuza maji alikuwa na uwanja.

“Shangazi, sogea,” muuza mkaa alimwambia mmoja wao. “Ndoo yako ina kutu, utanichafua.” Yeye mwenyewe alikuwa mweusi mpaka masikioni.

Zamu ya fundi cherehani ilifika. Mtoto mgongoni alikuwa amelegea, macho yameingia ndani, na kanga ilinuka choo.

“Kaka, anaharisha tangu jana. Nesi kasema nimchemshie maji, nisikawie. Nina mbili tu.”

“Mbili nini? Taja.”

“Karima mbili.”

Wakaja wawili wengine. Mmoja alimtazama mtoto, akanyoosha mkono afungue bomba. Muuzaji akampiga kofi mkononi.

“Mama, umelipa?”

“Mpe mtoto basi nusu ndoo,” fundi akasema.

“Sipimi nusu.”

“Akipewa huyu, na sisi je?” watu wakapiga kelele.

“Dada, tutakuombea,” akasema mwanamke mwenye madumu manne yaliyojaa, akafumba macho palepale, akaomba vizuri sana.

Fundi hakumngoja amalize. Alipiga magoti kwenye mtaro uliopita chini ya kioski, akasukuma povu na nywele pembeni, akachota. Kina Karima wote walimtazama.

Muuzaji akapanda juu ya kreti.

“Nawaahidi, mbele yenu nyote na mbele ya hawa: maadamu ufunguo wa bomba hili uko kwangu, hata Karima mwenyewe hapati tone bila kulipa.”