Nailoni ya Albamu Mpya

Cha kwanza alichokiona dada mtu ni mikono. Kaka yake alikuwa akinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, taratibu, kama mkunga anayesubiri mtoto. Huyu ndiye kaka ambaye tangu utotoni alifukuzwa mezani kwa mikono michafu, na mpaka leo akirudi kazini hula kwanza, akanawa baadaye, tena akikumbuka. Sasa ananawa, na jikoni hapakuwa na sufuria hata moja motoni. Dada mtu akajua boksi limefika.

Jina alilopewa kaka huyo na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini mwenyewe alijiita Jeneza. Mchana aliuza magodoro. Wateja wakija aliwabonyezea sponji, akawaambia mgongo ni mali, akawafungia godoro kwa kamba na kuwatakia usingizi mwema. Jioni akishavua shati la dukani na kuvaa fulana nyeusi yenye fuvu, basi ni Jeneza, na hapo usimtajie habari za godoro.

Alikuwa na wenzake wawili. Mmoja alikuwa mhasibu, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, na wenzake walimwita hivyohivyo, Mhasibu. Kizibao chake cha jinzi alikibeba kwenye mkoba, chini ya mafaili, kama mtu anayeficha mke wa pili. Wa tatu alikuwa fundi wa friji, naye walimwita Baridi. Muziki wao ulikuwa metali, ule wa magitaa yanayokwaruza na mtu anayeimba kama amekwamwa na mfupa. Sharti lake kubwa ni kutikisa kichwa ili nywele ziruke. Baridi hakuwa na unywele hata wa dawa, lakini ndiye aliyetikisa kuliko wote. Mhasibu alitikisa mara moja tu kwa moyo wote, akakaa na shingo ya mbao, na ofisini akasema ameteleza bafuni.

Bendi yao ilikuwa ya mbali, nchi za theluji, yenye jina refu ambalo hakuna aliyewahi kulitamka bila kujing'ata ulimi. Hata kulisoma ilikuwa kazi, maana kwenye fulana liliandikwa kama mizizi ya mti uliong'olewa. Wao waliiita Kaburi, yakaisha. Kaburi ilikuwa imenyamaza miaka, watu wakadhani imekufa kweli, kisha ikatangaza albamu mpya. Tangu siku hiyo nyumba haikupata raha.

Maana albamu siku hizi haizaliwi peke yake, inazaliwa na ndugu zake. Kulikuwa na toleo la kawaida, santuri nyeusi ndani ya jalada la karatasi. Kulikuwa na toleo jekundu, santuri ya rangi ya damu. Kulikuwa na toleo la moshi, la kijivu lenye michirizi. Na juu ya hayo yote kulikuwa na toleo la boksi: sanduku la mbao nyeusi lenye bawaba, ndani yake santuri mbili, mshumaa, kipande cha mnyororo, kimfuko cha udongo, na wimbo mmoja ambao haumo kwenye toleo lingine lolote. Boksi hilo mtu mmoja hakuliweza, wakachanga watatu, wakaliagiza, wakaanza kulisubiri kama watu wanavyosubiri mvua.

Mama mtu aliposikia habari za udongo aliacha kukunja nguo. Akauliza ni udongo wa nini. Jeneza akamweleza kwa heshima kwamba ni udongo wa makaburi halisi, ya kale.

"Mwanangu," mama akasema, "udongo tunao uani. Na makaburini utapelekwa bure."

Walikula pia kiapo. Hakuna kuisikiliza albamu kwenye simu, hata nusu ya wimbo. Mhasibu alisema kuisikia mtandaoni kabla ya santuri ni sawa na kumchungulia bibi harusi anapooga. Wataisikia siku moja, chumba kimoja, kwa mashine ya santuri ya Jeneza, au wasiisikie kabisa.

Sasa huyu dada. Yeye alikuwa fundi cherehani, akishonea nyumbani, chumba cha pili. Alikuwa mwenye haya mpaka mteja mmoja aliwahi kumuuliza mama, kwa huruma, kama binti yake ni bubu tangu kuzaliwa. Lakini ukuta uliomtenganisha na chumba cha kaka yake haukuwa na haya, ulipitisha kila kitu. Mwanzoni aliziba masikio kwa pamba na kumwomba Mungu ailaze ile mashine. Siku moja akashtuka mguu wake juu ya pedali unakwenda sawasawa na ngoma ya upande wa pili. Akatoa pamba.

Hakujua lugha ya yule mwimbaji. Lakini ile sauti aliijua. Ilikuwa ni ile inayomkaa kooni mteja anapomtupia gauni mezani na kusema mikono si hii, kola si hii, umeniharibia kitambaa, naye anainamisha kichwa na kusema samahani, nitarekebisha. Huko nyuma ya ukuta kulikuwa na mtu asiyesema samahani. Basi akawa anangoja kaka yake arudi kazini, awashe. Mama alipogonga ukuta na kuuliza nani amefiwa, dada mtu aliinamia cherehani akajifanya hasikii.

Hakuna aliyejua. Walichojua wale vijana ni kwamba anashona vizuri, na kila walipopata kiraka kipya cha bendi walimletea akiweke kwenye vizibao vyao, ndiyo maana wakamwita Kiraka. Albamu ilipokaribia wakaja na vizibao vyote vitatu kwa mpigo, mgongoni panatakiwa kiraka kikubwa cha Kaburi. Jinzi ile ilikuwa nene, na mahali pengine viraka vimepanda juu ya viraka, cherehani ikakataa. Ikabidi ashone kwa mkono, sindano akiisukuma kwa kipande cha ngozi. Kaka yake akamuuliza anataka nini kwa kazi ile. Akajibu akiutazama uzi kwamba hataki kitu, anataka siku hiyo akae nao.

Jeneza alicheka, kisha akaona dada yake hacheki.

"Haya, Kiraka," akasema. "Utakaa. Kiti chako kipo."

Maneno hayo dada mtu aliishi nayo. Alikuwa akikata vitambaa vya watu, akiyakumbuka, anatabasamu peke yake, mpaka mama akaanza kushuku kuna mwanamume.

Boksi basi lilifika, mikono ikaoshwa, na Jumapili mchana wakakutana. Nje jua linawaka, ndani mapazia yamefungwa na mshumaa wa dukani umewashwa, watu watatu wanatokwa na jasho ndani ya jinzi. Mama aliaga, akasema anakwenda kwa jirani mpaka maiti wamalize mambo yao. Kiti cha dada mtu kilikuwepo kweli, kigoda karibu na mlango. Kwake kilitosha. Alikuwa amevaa gauni jipya, jeusi, alilojishonea mwenyewe, na hakuna aliyeliona.

Boksi lilikuwa juu ya taulo safi, limevalishwa nailoni yake ya kiwandani, inang'aa. Wakalizunguka. Wakalisifia kona. Wakasifia bawaba, ambazo zilionekana kwa shida ndani ya ile nailoni. Baridi akalinusa, akasema ni mbao ya kweli, na wenzake wakatikisa vichwa polepole kama wazee wa mahari. Mhasibu akapiga picha nyingi mpaka simu ikapata moto.

Hatimaye Baridi akapangusa kipara, akasema haya, sasa tuweke ile ya kusikiliza.

Wakatazamana.

Ili ueleweke ukimya uliofuata, lazima ujue sheria yao. Toleo maalum halifunguliwi. Nailoni ikichanika, hilo si toleo maalum tena, ni kitu kilichotumika, na aliye nalo ni mtu wa kusikitikiwa. La kufungua ni toleo la kawaida. Lakini mshabiki wa kweli gani atakubali aonekane ameagiza toleo la kawaida? Hilo ni la wageni, la watoto walioanza metali jana. Kwa hiyo, mbali na boksi la wote, kila mmoja alikuwa amejinunulia lake kimyakimya, Mhasibu jekundu, Baridi la moshi, Jeneza jekundu vilevile, yote ndani ya nailoni, na kila mmoja akaamini kwa moyo mweupe kwamba lile la kawaida litaletwa na mwingine.

"Mimi nilijua wewe unalo," Mhasibu akamwambia Baridi.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ni mtu wa kawaida."

"Mtu wa kawaida ni wewe, unayevalia kizibao chooni."

Jeneza akawasuluhisha. Akasema penye nia pana njia, mmoja afungue lake, basi. Mhasibu akasema kwa furaha, Jeneza aanze. Jeneza akasema lake ameliahidi kwa mwanawe. Hana mwana, wala mchumba. Baridi akasema la moshi ni machache duniani, kulifungua ni dhambi. Kwenye simu je? Hapo wote watatu walishtuka kama wametukaniwa wazazi wao. Kiapo ni kiapo.

Wakakaa. Na kwa kuwa watu hawawezi kukaa tu, wakaanza kuijadili albamu. Mhasibu akasema ni nzuri, lakini haifiki ile ya pili. Baridi akasema mpiga ngoma amechoka, hata kwenye picha ya jalada anaonekana. Jeneza akasema wimbo wa saba utawachanganya wengi, unahitaji kusikilizwa mara nyingi ndipo uingie. Wakabishana juu ya wimbo huo wa saba mpaka povu likawatoka, mmoja akiutetea, mmoja akiuponda, na Baridi akisema yeye alishautegemea. Hakuna kati yao aliyekuwa amesikia hata mlio wa uzi mmoja wa gitaa.

Mwisho wakaafikiana. Wataagiza toleo la kawaida, kwa jina la Baridi, likija watakutana tena. Halafu Mhasibu akawapa habari aliyokuwa ameitunza: mwakani Kaburi inatoa toleo la kumbukumbu la albamu hiihii, boksi kubwa zaidi, ndani lina mfupa. Haikujulikana mfupa wa nini. Furaha ikawarudia nyusoni, wakaanza kupanga kuchanga.

Dada mtu alikuwa bado kwenye kigoda, mikono kwenye magoti.

"Kaka," akasema, "tunasikiliza lini?"

"Subira huvuta heri, Kiraka. Hebu tuletee chai kwanza."

Akainuka. Hakuna aliyemtazama, kwa kuwa walidhani anaelekea jikoni. Akapita katikati yao, akafika mezani, akaliinua boksi, akaing'ata kona ya nailoni kama anavyokata uzi, akavuta.

Ulikuwa mlio mdogo tu. Lakini Baridi alisimama kama friji iliyopigwa shoti. Mhasibu alitoa sauti nyembamba ambayo hata kwenye metali haijawahi kutumika. Jeneza alikaa chini, sakafuni, kama godoro lililokatwa kamba. Kifuniko kikafunguka, mnyororo ukaanguka. Kimfuko cha udongo kikapasuka juu ya zulia la mama, na Baridi akapiga magoti akaanza kukusanya kwa viganja, akilalamika kwamba unachanganyika na vumbi la humu ndani na hautajulikana upi ni upi. Mhasibu akaichukua ile nailoni, akainyoosha kwenye paja, akauliza kama inaweza kupigwa pasi.

Dada mtu akaweka santuri kwenye mashine, upande wenye ule wimbo usiopatikana kwingine. Alikuwa ameona kaka yake akifanya hivyo mara nyingi, kupitia mlango. Sindano ikashuka mahali pake.

Likaanza gitaa moja, polepole. Mhasibu akasema wamebadilika hawa. Kisha ngoma ikaingia, na nyuma yake magitaa yote, na kile chumba kikajaa, mshumaa ukacheza, na yule mtu akafungua koo. Hapakuwa na ukuta katikati. Dada mtu hakujua kama sauti inaweza kumgusa mtu kifuani namna ile, kama mkono. Alisimama palepale, macho yamemjaa maji, na hakuyafuta.

Jeneza akainuka, akapunguza sauti. Alikuwa na uso wa mtu aliyeibiwa na ndugu yake, na hakujua akasirike au alie.

"Umeliua boksi," akasema. "Mdogo wangu, kwa nini?"

Wenzake waliacha udongo na nailoni wakamtazama. Siku nyingine angeinamisha kichwa. Angesema samahani, nitarekebisha, na pengine angeishona ile nailoni kwa mkono kama ingeshoneka. Akamtazama kaka yake usoni, kisha Mhasibu, kisha Baridi aliyepiga magoti.

"Kwa sababu naupenda muziki huu," akasema. "Nyie mnausubiri. Mimi nyuma ya ukuta nausikiliza kila siku, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza. Huyo mtu anapopiga kelele, zile kelele ni zangu."