Kona za Nailoni

Bosi alimwokota mama mmoja mbele ya duka la vifaa vya shule, siku za kufungua muhula, akiyavalisha madaftari ya watoto wa watu kava za nailoni. Bosi alisimama akamtazama anavyokunja kona: pembetatu ndogo, ncha ikiingia ndani upande wa kushoto, maana mama huyu alitumia mkono wa kushoto. Hakuacha kikunyanzi hata kimoja. "Mikono kama hii inakaa juani kufanya nini?" bosi akauliza. Basi mama akapata kiti, feni, mshahara na jina la utani, Fundi Nailoni, katika chumba cha nyuma cha duka la michezo ya video.

Kazi yenyewe ilikuwa ya aibu, tusiipake mafuta. Wauzaji walijichukulia gemu mpya kwenda nazo nyumbani, eti waijue bidhaa. Wateja nao walirudisha zilizowachosha. Zote ziliishia mezani kwake. Alifuta alama za vidole kwenye diski, akarudisha vikaratasi mahali pake, akalivisha kasha nailoni na kuipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikabana. Kisha stika ya "MPYA". Kasha lilirudi rafuni likijifanya halijawahi kuguswa, na bei yake kamili kifuani.

Nyumbani alisema anapanga bidhaa.

Binti yake alikuwa amekulia kwenye vitu vya wenzake. Sare ilitoka kwa binamu, viatu na mashine ya michezo ya video vilitoka kwa jirani, hata baiskeli ilikuja na kengele iliyokwisha kufa. Kilichokuwa chake tangu mwanzo ni madaftari tu, na mama yake aliyavalisha kava kila muhula kwa mkono wake. Kwa hiyo alipofaulu mtihani, mjomba wake, fundi friji mwenye mdomo mpana na roho nyeupe, aliingia sebuleni akiwa ameficha kitu mgongoni.

"Safari hii mjomba sileti mtumba," akasema. "Hiki hakijaguswa na mtu. Wewe ndiye wa kwanza!"

Mama aliiona kona kabla hajaliona jina la mchezo. Ilikuwa pembetatu ndogo, ncha ndani, kushoto. Kasha hilo alilikumbuka vizuri: muuzaji mmoja alikaa nalo kwake wiki nzima, akalirudisha akipiga miayo. Ndani mlikuwa na karatasi yenye namba ya kufungulia sehemu kubwa ya mchezo, namba inayokubali mara moja tu. Labda hakuitumia, akajiambia. Akapiga makofi pamoja nao.

Binti hakuichana nailoni. Aliibandua taratibu, akaikunja akaiweka kwenye mkoba wa shule, kama ukumbusho. Kisha akaingiza namba. Ikakataa. Akaingiza tena, na kioo kikamwambia imeshatumika.

"Huenda ni mtandao," mama akasema haraka. "Tuachane nayo."

"Tuachane nayo nini, dada?" mjomba akang'aka. "Kesho tunawarudishia. Si uko palepale? Utatusemea."

Kesho yake walifika kweli, binti akiwa na sare yake na mkoba begani. Kutoka chumba cha nyuma mama alisikia sauti ya mdogo wake ikipanda, na ya bosi ikiwa laini kama sabuni.

"Kasha limefunguliwa, ndugu yangu. Lililofunguliwa halirudi."

"Mlitupa limeshafunguliwa! Muulize dada yangu, yumo humu humu."

Bosi akacheka. Akamwita. Mama akatoka akipangusa mikono kwenye gauni.

"Kumbe ni watu wako! Vizuri," bosi akasema, akimtazama kwa macho ambayo hayakuwa yanacheka. "Haya, fundi, waambie ndugu zako. Kasha hili liliuzwa likiwa jipya, au halikuwa jipya?"

Binti alimtazama mama yake akitabasamu. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuja na shahidi wake.

Mama akaifikiria feni. Akalifikiria lile jua la mbele ya duka la vifaa vya shule. "Lilikuwa jipya," akasema.

"Sasa namba ameitumia nani?" bosi akauliza kwa upole.

Hapo angeweza kunyamaza tu, lakini hofu ina mdomo wake. "Labda yeye mwenyewe," akasema. "Watoto wakati mwingine wanabonyeza, halafu wanasahau."

Tabasamu la binti likakauka usoni. Mjomba akamshika mtoto bega wakaondoka.

Jioni mama alimkuta binti mezani. Ile nailoni ya gemu ilikuwa imetandazwa kando ya daftari la hesabu, kona kwa kona. Zilifanana kabisa: pembetatu ndogo, ncha ndani, kushoto. Alikuwa anabandua kava, daftari moja baada ya jingine, akizirundika sakafuni.

"Mwanangu, jamani. Yatachafuka."

"Yachafuke, Mama," binti akasema bila kuinua kichwa. "Angalau kila mtu ataona yameshatumika."