Moto Wenye Adabu

Mdogo wangu, tumbo moja, ndiye aliyechoma miwa yangu. Nalisema mapema kwa sababu sina subira ya kuzungushana.

Hapa kwetu kila shamba lina zamu yake ya kukatwa. Ushirika unapanga, kiwanda kinatuma trekta, na wewe unasubiri hata kama roho inakutoka. Ila muwa ulioungua hausubiri. Ukikaa siku tatu unachacha, kwa hiyo trekta hulikimbilia kwanza shamba lililoungua, na tela lisipojaa huchukua na miwa ya jirani. Ndiyo maana kuchoma bila kibali ni kosa kubwa. Mwenye shamba akibainika kachoma ili aruke foleni, anafutwa ushirika misimu miwili na kiwanda hakimpokei. Kwangu mimi mjane, misimu miwili maana yake ni kukodisha shamba na kwenda kukaa kwa mkwe.

Shamba langu limepakana na la mdogo wangu. Tunamwita Shoto, kwa kuwa hata kijiko anashika kwa mkono wa kushoto. Mama alituacha Shoto akiwa bado mdogo. Nikamlea mimi, nikamtafutia mke mimi. Msimu huu miwa yake ilianza kutoa maua, na muwa ukishachanua sukari yake inapungua kila siku. Zamu yetu wote wawili ilikuwa mbali. Alishinda mpakani akiyatazama yale maua kwa uso wa mtu aliyefiwa.

Binti yangu alipojifungua, Shoto alikuja mwenyewe.

"Nenda kamwone mjukuu, dada. Shamba nitakuangalizia."

"Usije ukanitafunia miwa yangu."

"Kwa meno gani, dada? Si haya mawili yaliyobaki?"

Tukacheka mpaka machozi. Nikaenda kwa moyo mweupe.

Niliporudi siku ya tano, nilikuta shamba jeusi. Trekta lilikuwa limeshapita, limebeba miwa yangu na ya Shoto. Watu walinipa pole huku wananiangalia kwa pembeni. Nikaenda mpakani, nikaona mistari mitatu ya miwa ilikatwa kabla ya moto ili usivuke, maana visiki vyake vilikuwa vimebabuka hadi kwenye mkato. Vyote vilikatwa mshazari kuelekea upande usio wa kawaida, ule wa panga la mkono wa kushoto. Nikakaa chini kwenye majivu na gauni langu la safari.

Sikumwambia mtu. Nilijisemea, atakuja. Ataniambia, dada, nilipagawa, nisamehe. Nami nitamtukana mpaka koo linikauke, halafu tutatafuta njia. Nilimngoja siku tisa. Alileta unga, alileta pole, alikula kwangu akashiba, akaaga.

Mkutano uliitishwa asubuhi kwenye banda la ushirika. Mwenyekiti alisimama.

"Moto wa adui hauna adabu hivi," alisema. "Huu ulianzishwa upande upepo unakoelekea, ukarudi nyuma polepole, haukugusa hata jani la jirani. Hapa kwetu nani anajua kuchoma namna hii?"

Wote wakanigeukia. Ni kweli, watu wakipata vibali huniita mimi niwachomee. Mwingine anayejua ni mmoja tu, na nilimfundisha mwenyewe.

"Mimi nilikuwa kwa binti yangu," nikasema.

"Mtu si anaweza kuagiza?" mmoja akadakia kutoka nyuma.

Mwenyekiti akamtazama Shoto. "Wewe ulikuwa karibu. Uliona nini?"

Shoto akasimama. Moyo ulinidunda kwa matumaini, mjinga mimi.

"Siwezi kufungua mdomo juu ya dada yangu," alisema kwa upole. "Huyu ndiye mama yangu. Nawaomba tu mumpunguzie adhabu."

Banda zima likaguna kwa huruma, na aliyehurumiwa ni yeye. Mikono ikanyooshwa. Nikafutwa, misimu yote miwili.

Nje alinifuata, akanishika bega.

"Usijali, dada. Utakula kwangu. Shamba lako nitalilima mimi."

"Kwa nini ulinifanyia hivi?"

Wala hakukataa. "Ningechoma langu wangenifuta mimi, na mimi nina watoto. Wewe nilijua hutanitaja."

Alisema bila haya, tena kwa sauti ya kunisifia. Hapo ndipo damu iliponichemka. Kumbe hakuwa amenisahau alipowasha ule moto. Alinifikiria vizuri sana, akapima mapenzi yangu, akaona yanatosha kumfichia siri.

Niliutoa mkono wake begani, nikarudi ndani. Watu walikuwa bado wanasogeza mabenchi. Nikasimama mbele ya mwenyekiti, nikamtaja. Nyuma yangu nilisikia, "Dada! Dada, jamani!" Sauti ilikuwa ya kilio, na iliniuma, mpaka leo inaniuma. Sikugeuka. Mwenyekiti alisema hakusikia vizuri, nikamtaja tena.