Sauti ya Pili Itolewe

"Wimbo mzuri. Ila hiyo sauti ya pili itolewe."

Niliyasoma maneno hayo nikiwa kazini, simu nimeiegemeza kwenye kopo la wanga, pasi ya mvuke mkononi na shati jeupe la mteja mezani. Nusura niliunguze shati la watu. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepata habari za msiba. Nikamwambia hapana, ni kwamba kuna mtu hanijui vizuri.

Mtu mwenyewe hana jina. Kwenye kundi letu la mtandaoni hakuna mwenye jina. Sisi ni watu wa kupiga muziki baada ya kazi: madereva, wauguzi, wauza duka, na mimi dobi. Tunarekodi kwa simu zetu, tunaweka nyimbo pale, wenzetu wanatuambia wapi pameharibika. Mimi wananiita Pasi. Huyo aliyeandika anaitwa Fundi Mkuu, kwa sababu ndiye aliyelianzisha kundi na ndiye mwenye chumba kilichobandikwa sponji ukutani. Wimbo wake mwenyewe hatujawahi kuusikia. Sponji ametuonyesha.

Kundi lina kanuni moja ambayo mgeni huambiwa hata kabla ya salamu: ukiweka wimbo, unanyamaza. Watu wanauchambua wiki nzima, na wewe huruhusiwi kujitetea, wala kueleza, wala kusema siku hiyo ulikuwa na mafua. Jumapili ndipo unapopewa nafasi ya kusema chochote, na desturi ni kuandika "Nimesikia", basi, yameisha. Mimi kanuni hiyo niliipenda. Kabla ya kuwekwa, kila mtu alikuwa wakili wa wimbo wake na hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Niliishi nayo vizuri kabisa mpaka wiki hiyo, kwa sababu hiyo sauti ya pili ni ya mama yangu mzazi.

Mama alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi. Ndiye aliyewaambia watu wa mji wetu basi lipi linaondoka na lipi limeharibikia njiani, na alikuwa hawezi kuuliza bei ya nyanya bila watu kugeuka. Halafu akaota uvimbe kooni. Akapasuliwa, akapona, lakini sauti haikupona. Ilirudi nzito, ina mikwaruzo, na hukatika pale usipotarajia. Stendi wakamuaga kwa keki, wakaweka sauti iliyorekodiwa ya binti mmoja asiyejua hata kutamka majina ya vituo.

Tangu hapo Mama aliacha kuimba, yeye aliyekuwa akiimba akipika, akifua, na hata akitugombeza. Siku akijisahau jikoni na kuanza kuimbaimba, alikwenda kwanza kufunga mlango.

Nilimbembeleza sana. Wimbo niliutunga mwenyewe, unamhusu mwanamke anayeambiwa ahame nyumba naye hahami. Kiitikio ni maneno mawili tu, "bado nipo", na nilipoyaandika nilikuwa naisikia sauti ya Mama, si yangu. Mwisho akakubali, shingo upande. Tulirekodi ndani ya kabati la nguo, milango wazi, vichwa tumeviingiza katikati ya makoti na simu imetundikwa kwenye hanga. Mama alicheka mpaka tukaharibu mara kadhaa. Baada ya hapo akawa anaimba jikoni kila siku, mlango umefungwa lakini sauti inapita chini yake. Hicho ndicho nilichokuwa nakilinda, na Fundi Mkuu alikuwa ameweka kiatu chake juu yake.

Mchana huohuo akanifuata pembeni kwa ujumbe wa faragha. "Pasi, nakupa siri. Nakusanya nyimbo bora za kundi, na redio imekubali kuzipiga. Wimbo wako umo, mradi uitoe hiyo sauti. Inakwaruza. Inaushusha hadhi."

Redio! Nimenyoosha nguo za mji mzima nikisikiliza redio. Sitajitia hamnazo, nilitamani mpaka mate yakanijaa mdomoni. Nikaiweka simu kifudifudi, nikavuta shati jingine.

Nilipofika nyumbani Mama alinipokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Wamesemaje?"

"Wameupenda."

"Wote?"

"Wengi."

"Na mimi je?"

"Na wewe pia, Mama."

Mama amefanya kazi miaka mingi ya kuwaambia abiria kwamba basi liko karibu, ilhali hajui hata liko wapi. Alinitazama kama mtu anayesikia lugha ya kwao. Akarudi jikoni.

Kesho yake Fundi Mkuu akamaliza kazi. Aliuchukua wimbo wangu bila kuniomba, akaupitisha kwenye programu yake ya kuondoa kelele, ile ya kufuta feni na magari ya barabarani, akauweka kundini. "Toleo safi," aliandika. "Nimempunguzia Pasi kazi." Watu wakaanza kumwaga vidole gumba. Hapo sasa! Sasa unasikika! Mimi nilikuwa nimekaa mezani nyumbani, nikaubonyeza kabla sijafikiri, na Mama alikuwa palepale anamenya viazi.

Kiitikio kikafika. "Bado nipo," nikasikia naimba, peke yangu, na nyuma yangu kuna shimo.

"Rudia," Mama alisema.

Nikarudia.

"Mimi niko wapi?"

"Ni programu, Mama. Inaondoa kelele. Imedhani..."

"Imedhani mimi ni feni."

Alisuuza kisu, akakiweka mahali pake, akaingia jikoni na kufunga mlango. Hakuna kilichopita chini yake. Siku iliyofuata pia kimya, na iliyofuata. Chakula kilipikwa kama kawaida, salamu zilitolewa kama kawaida, lakini nyumba ilinyamaza ji, na mimi kila nikiusikia ukimya ule damu ilinichemka upya.

Kanuni nikaona haina maana tena. Nikaandika ujumbe mrefu: nyie mnaojiona masikio ya dunia, hiyo mliyoifuta ni sauti ya mama yangu, amepasuliwa koo, amelala hospitali nyie mkichezea sponji, mna roho gani? Nikaona usiende bila Mama kuusikia. Nikamfuata jikoni na kumsomea, nikitarajia kukumbatiwa.

"Futa," alisema.

"Mama!"

"Futa hapa hapa, nikuone."

"Wamekutukana."

"Hawajanitukana. Hawajui hata kwamba nipo. Ukiwaambia nimepasuliwa, kesho wote wataandika kwamba sauti ni nzuri mno, imewagusa moyo, wamelia. Watakuwa wanakisifu kisu. Mimi nilishapewa keki kule stendi, mwanangu. Sitaki keki nyingine."

"Sasa tufanyeje? Tukubali?"

"Nani kasema tukubali? Niletee miwani yangu."

Akakaa mezani na simu yangu, akaanza kuyasoma maoni yote tangu la kwanza, kwa sauti, moja moja, kama anatangaza ratiba. Mmoja alisema gitaa limelegea. "Kweli, limelegea," Mama alisema. Mwingine alisema sauti ya pili inamtisha mtoto wake. "Amlaze mapema." Alipofika kwa Fundi Mkuu aliyasoma maneno yake polepole, akaendelea kushuka. Mimi nilikuwa naangalia dari.

Chini kabisa, ambako mimi kwa hasira sikuwa nimefika, kulikuwa na maoni ya mtu anayeitwa Besi Bovu. Ni dereva wa lori mwenye gitaa la besi lililokatika uzi mmoja, na hajanunua mwingine. Alikuwa ameandika hivi: "Sauti ya pili imenikamata. Ila inachelewa kuingia kwenye kiitikio, kila mara. Halafu Pasi anaifunika. Sijui anaogopa nini."

Mama akavua miwani. Akaifuta kwa kanga, akaivaa tena, akasoma upya. Halafu akaanza kucheka, ule mkwaruzo wake ukapanda na kushuka mpaka akashika meza.

"Miaka yote hiyo nawatangazia watu mabasi yaliyochelewa," alisema, "kumbe leo basi ni mimi!"

"Usimsikilize."

"Nimsikilize nani sasa, kama si huyu? Wenzake wamenisikia, huyu peke yake ndiye amenisikiliza. Ni kweli nachelewa. Nangoja kwanza nione kama sauti itatoka." Akanigeukia. "Na ni kweli unanifunika."

"Nilikuwa nakulinda."

"Nani alikutuma?"

Lilinikata maini swali hilo. Fundi Mkuu nilikuwa tayari kupigana naye mpaka siku ya mwisho, lakini kabla hata yeye hajaugusa wimbo, mimi mwenyewe nilikuwa nimeishusha sauti ya Mama. Kidogo tu, kwa kidole kimoja, nikijiambia ni kwa ajili ya mizani. Nilimkasirikia Besi Bovu kwa kuona, nikamkasirikia Mama kwa kumwamini, halafu sikubaki na mwingine wa kumkasirikia.

"Safari hii mimi naimba mbele," Mama alisema. "Wewe ndiye uwe sauti ya pili."

Jumapili nikaandika "Nimesikia" kama desturi, nikaomba kuweka toleo jipya. Kundi letu halikuruhusu uweke wimbo kabla hujachambua wa mwenzako, kwa hiyo Mama akachagua wa Besi Bovu, akausikiliza amefumba macho, akanisomea la kuandika. "Mwambie nyuzi tatu zilizobaki zinamtosha kabisa. Ila aache kukimbia, maneno yanabaki nyuma kama watoto. Na mwisho wake hauishi, unazimika tu. Aumalize." Nikaandika hivyohivyo, bila kulainisha.

Tukarudi kwenye kabati. Mama alisimama karibu na simu, mimi nyuma yake na koti la harusi la mjomba usoni. Kiitikio kilipofika hakungoja kitu. Aliingia pale hasa wimbo unapofunguka, na sauti ikamjia yote, na mikwaruzo yake yote. Kwenye ubeti wa pili ikamkatika katikati ya neno. Nikanyoosha mkono nisimamishe tuanze upya, naye akanipiga kofi mkononi bila kugeuka, akavuta pumzi, akaliokota neno pale lilipoanguka na kuendelea. Hatukurudia. Hiyo ndiyo tuliyoiweka.

Wiki hiyo kundi liligawanyika. Mmoja aliandika kwamba ameacha chakula kikapoa. Mwingine aliandika, "Masikio yangu yanaomba likizo," na huyo ndiye aliyemfurahisha Mama kuliko wote, akawa anamnukuu kwa majirani. Wengine walisema gitaa bado limelegea, na lilikuwa bado limelegea. Besi Bovu aliandika kwa ufupi: "Haichelewi tena." Mama aliisoma hiyo mara nyingi kuliko alivyokiri.

Fundi Mkuu alingoja mpaka Jumamosi. "Ushauri ulitolewa, haukufuatwa," aliandika mbele ya watu wote. "Tena sasa kelele ndiyo imewekwa mbele. Wimbo huu hautaingia kwenye mkusanyiko, na Pasi anajua alichokipoteza."

Nilijua. Niliingia bafuni nikafungua bomba nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia mwenzangu wa meza ya pili kwamba siku moja atanisikia kwenye ile redio yetu yenye waya wa kubandika. Nikanawa uso, nikatoka. Mama alikuwa kwenye korido, amesimama, taulo mkono mmoja, simu yangu mkono wa pili, ule ujumbe wa redio umefunguliwa.

"Unaweza bado kunitoa," alisema. "Sitanuna. Ni redio."

"Sikutoi."

"Fikiri vizuri."

"Nimefikiri. Mkusanyiko wake akaukusanye na sponji."

Mama akanirushia taulo.

Jumapili Fundi Mkuu akafungua ukumbi. "Pasi, zamu yako ya kusema." Nilikuwa na maneno ya kujaza ukurasa, na safari hii kanuni ilikuwa inaniruhusu. Nikayafuta yote. Nikampa Mama simu.

Hakuandika. Alibonyeza kile kitufe cha kurekodi sauti, akanyoosha mgongo, akakohoa pembeni, akashusha kidevu kama zamani kwenye kile kibanda chake cha kioo.

"Tangazo kwa wasafiri wote," alisema. "Tumesikia. Wimbo huu unaondoka sasa hivi, na sauti zake..." Ikamkatika. Hakuondoa kidole. Alingoja, akairudia polepole mpaka ikatoka. "Na sauti zake zote. Wasiopanda, tunawatakia siku njema."

Akaachia kitufe na tangazo likaenda. Halafu Besi Bovu akaandika neno moja: "Nimepanda." Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka yule aliyeomba likizo ya masikio.

Nikamwita Mama aje aone. Hakuja. Alikuwa ameshaingia jikoni anaimba, na mlango ameuacha wazi.