Hakuna Shida, Daktari

...na neno limeshatoka, Alhamdulillah, hakuna shida daktari, laini kama samli, na kijana wa Nairobi ndani ya simu ameshainamisha kichwa anaandika, "Safi sana, Ruweyda, basi tuanze kuzipunguza hizi dawa polepole," safi, eti safi, kana kwamba amefua shuka, na Ruweyda ameketi ukingoni mwa kitanda, jasho likimtiririka chini ya mtandio, anajiuliza ni nani hasa aliyejibu, maana yeye alikuwa bado anatafuta pa kuanzia, yeye aliyesomea isimu chuo kikuu, anayeweza kukueleza kwa nini salamu si habari, na bado... uani mama anakoroga chai, shangazi Arbia kafika jana kutoka Eldas, "Msichana yuko wapi?" "Yuko mkutanoni, abaayo, dada yangu, mambo ya ofisi," "Kila siku mkutano! Huyu ataolewa na simu, wallahi," na mama anacheka naye, mama anayejua kwamba hakuna mkutano, kwani ndiye aliyemuuliza, hooyo, mwanangu, unalia nini, nani amekufa? na alipoambiwa hakuna aliyekufa alinuna kama mtu aliyetapeliwa sokoni, nyumba hii huzuni huja na maiti mkononi au haifunguliwi mlango, shangazi yako kiangazi kimemmalizia ngamia na bado anacheka, wewe una kazi ya kaunti, una feni, una nini... na dawa zenyewe huja kwa basi ndani ya boksi la vitamini, kwa sababu mwenye famasi hapa mjini ni binamu yake Najib, na mdomo wa Najib hauna komeo, lakini zimeanza kushika, hilo ndilo la kuchekesha, juzi alionja papai akagundua kwamba ni tamu, akasimama jikoni na kisu mkononi kama mwehu, tamu, na sasa huyu anataka kuzipunguza kwa sababu mgonjwa ana adabu... Kiswahili ndicho kilichomponza, machozi yake ni ya Kisomali, Kiswahili ni cha shule na cha vizuizi vya polisi, basi likisimama, wote shukeni, kitambulisho, unatoka wapi, unaenda wapi, na baba akimbana kiganja, jibu fupi, tabasamu, sawa afande, hakuna shida afande, ulimi uliofunzwa kupita, si kusema, mtu akikuuliza kwa Kiswahili huku ana kalamu, wewe pita tu, hata siku ile, Ruweyda mtu mzima, alipolisimamisha gari lake katikati ya daraja la Tana, akashuka, akashika chuma cha moto akayatazama maji, hakuwa na haraka, hilo ndilo linalomtisha hadi leo, hakuwa na haraka hata kidogo, na askari akaja mbio, madam, kuna shida? na yeye, hakuna shida afande, naangalia tairi, akaenda ofisini akaendesha kikao, akamkata mtu kauli, sema njaa bwana, usiseme changamoto, yeye huyo, asiyevumilia unafiki... na yule askari aliuliza vizuri, maskini, hakuna mwingine aliyemuuliza swali zuri kama lile, na hata huyu daktari daraja hajaambiwa, kaambiwa usingizi, kaambiwa uchovu, vitu vya kustahiwa... lakini hapa hakuna bunduki, hakuna abiria wanaoguna nyuma yake, hiki ndicho kizuizi pekee alichokitafuta mwenyewe, alitaka asimamishwe, apekuliwe, na tazama, kapungiwa mkono apite... bado anaandika, utosi wake umejaa kwenye kioo, na uani wanasikia, basi wasikie, wakitaka maiti nusura wampate, "Daktari," na sauti imetoka nzito, si ile ya ofisini, "usipunguze. Siko sawa. Nilisimama darajani nikataka kujitupa"... uani kijiko kimeacha kukoroga, na ndani ya simu kichwa bado kimeinama, kalamu bado inakwenda, labda mtandao, labda masikio, na Ruweyda anavuta pumzi aseme tena, kwa sauti zaidi.