Kipimo cha Kisima cha Bi Hamisa

Mie Theonest nilikuwa mjuaji. Mwaka 1973, mwaka wangu wa kwanza chuoni, walitutia kwenye kozi mpya iliyochanganya sayansi: mtu wa kemia, wa baiolojia na wa jiografia kundi moja, kisha mnakwenda uswahilini kusaidia wananchi. Mie wa kemia niliona tunapotezewa muda. Hao wa baiolojia na vyura wao watanifundisha nini?

Kozi ilikuwa na sharti: jibu la mmoja lisitoke nje mpaka mwenzake wa somo jingine alikague. Lakini mie tena! Nilichota maji ya kisima cha Bi Hamisa, Temeke, nikayapima maabara Jumamosi, nikakuta chumvi ile inayoonyesha kuwa choo kimevujia kisimani. Jumapili, kwenye mkutano wa balozi wa nyumba kumi, nikasimama bila kumwuliza mtu. Nikatangaza kwamba kisima kile ni sumu.

Bi Hamisa alikichimbisha kiwe sadaka ya marehemu mumewe, na mtaa mzima ukiteka bure. Alijifunika kanga usoni. Watu wakanipigia makofi nami, mpumbavu, nikafurahi.

Jumatatu Avelina, wa baiolojia, akarudia kipimo kwa chupa yake. Chumvi hakuna, vijidudu hakuna. Gozbert, wa jiografia, alishapima mteremko: choo kiko chini ya kisima, kitavujaje kupanda juu? Avelina akaishika chupa yangu.

"Theo, hii uliisuuza?"

Sikuisuuza. Ilikuwa na masalia ya chumvi ya maabara, chumvi ileile.

"Uende Temeke leo hii," akasema.

"Nitakwenda."

Sikwenda. Jumanne nikasingizia mtihani, Jumatano mvua. Uongo mtupu! Niliona aibu, basi. Ijumaa tukasoma ripoti yenye majibu ya Avelina, na mwalimu akatusifu mbele ya darasa kwa kukaguana vizuri. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumamosi ndipo nikaenda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae." Bi Hamisa akaniletea maji kikombeni. "Kunywa tu, ni ya bomba, nimeyafuata Chang'ombe. Yangu siwezi kukupa."

Hakuwa na kinyongo hata chembe. Alikaa mkekani akanitazama.

"Wewe msomi, hebu niambie. Mjukuu wangu alikufa kwa kuhara mwaka jana. Maji aliyokuwa akinywa ni hayo ya kisimani. Basi ni mie niliyemuua?"

"Hapana, Bibi! Hapana!" Nikapiga magoti. Nikamwaga yote: chupa, chumvi, kiburi changu. Nikamwambia maji yake ni safi, na kwamba nitayasema hayo kwa balozi na kwa mtaa mzima, leo hii, nichekwe nisichekwe.

Alishusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," akasema, akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Nami nikaanza kuona nafuu, nikadhani yamekwisha.

"Na wewe ulijua lini?" akauliza.

"Jumatatu, Bibi."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, midomo ikitaja kila siku.

"Siku tano," akasema. "Siku tano nalala nikijiita muuaji, mwanangu, na wewe unajua."