Mkia wa Jina la Rozalia

Haya, nakutegea kitendawili, wewe uliyekaa karibu. Nilipewa kabla sijaota jino. Sikukinunua, na sokoni hakiuziki. Ni changu mwenyewe, ila wenzangu wanakitumia kuliko ninavyokitumia mimi, na siku nikifa wao ndio watakaobaki nacho. Ni nini?

Usinijibu sasa. Kiweke mdomoni kama mbegu ya msonobari iliyochemshwa, ukitafune polepole.

Saa kumi na mbili asubuhi Leokadia alikuwa amekwisha kukamua ng'ombe wake mmoja, amefungulia kuku, na amevaa viatu vya kanisani ingawa ilikuwa Ijumaa. Mezani palikuwa na kopo la biskuti, lile la bati lenye picha ya farasi, na ndani yake karatasi tatu. Ya kwanza ilikuwa ilani ya manispaa. Kaburi namba 61, makaburi ya Nova Olsza, halina mwenyewe. Mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa tarehe 30 Oktoba 1998, saa tisa alasiri. Ya pili ilikuwa cheti cha kifo. Ya tatu, picha ya jiwe la kaburi, ambayo binti yake alipiga alipokuja kutoka mjini Curitiba.

Mambo yalikuwa hivi. Barabara ya malori ya soya ilikuwa inapanuliwa, na ingekula upande wa juu wa makaburi. Marehemu mwenye ndugu aliyethibitishwa angehamishwa na jiwe lake hadi makaburi mapya. Asiye na ndugu, mifupa yake ingetiwa shimo moja na ya wengine, na jiwe lake lingepondwa kuwa kokoto.

Kaburi namba 61 ni la mama yake Leokadia. Jumatatu ilikuwa siku ya kuwakumbuka wafu, na tangu ana miaka kumi na miwili hajawahi kukosa kumwashia mama yake mshumaa siku hiyo.

"Umependeza," alisema Zenon Gawron mlangoni. Huyu alikuwa jirani, fundi viatu mwenye miaka themanini na minne, ambaye kijijini hakubakiwa na miguu ya watu ya kushonea. "Unakwenda kuolewa?"

"Na nani? Wote mmebaki na ufizi."

"Ufizi wangu unatafuna vizuri tu."

"Twende, basi halimsubiri mtu. Na huko usinitanie mbele ya watu. Wewe ndiye shahidi wangu."

Manispaa ilitaka mashahidi wawili wasio ndugu, waliomjua marehemu kwa macho. Leokadia alikuwa amezunguka wiki nzima. Zamani kijiji chao, Nova Olsza, kilikuwa na nyumba mia moja na arobaini, zote za mbao, zilizojengwa na wale waliovuka bahari kutoka Poland na shoka na godoro la manyoya. Sasa mioshi inayopanda asubuhi ni kumi na tisa, na mingi ni ya wageni waliokuja juzi kulinda mashamba ya watu. Waliomjua mama yake, Rozalia, walikuwa wamelala naye makaburini kilimani. Akapatikana Zenon, na Pelagia Wrona ambaye yuko kwa mwanawe, akili zimemruka, na sasa anamwita paka wake baba paroko. Leokadia akasema, atakwenda na Zenon peke yake, labda watamhurumia.

Basi lilipita mbele ya kinu kisicho na paa. Likapita ukumbi wa bendi, ambao siku hizi ni ghala la mbolea. Likapita shule, au pale ilipokuwa. Mwaka 1938 serikali ilipopiga marufuku lugha za kigeni, askari walitupa madawati nje, na mwalimu akachukuliwa kwa kufundisha alfabeti ya Kipolandi. Kuanzia siku hiyo kila mtoto alifundishwa nyumbani somo moja tu: mbele ya mtu wa serikali, jina lako ni lile la serikali.

"Unakumbuka mishumaa?" Zenon aliuliza. "Kilima chote kiliwaka. Dereva mmoja wa lori aliwahi kuja mbio na ndoo, akidhani msitu unaungua."

"Mwaka jana nilihesabu saba," alisema Leokadia. "Mitatu ilikuwa yangu."

Manispaani walipewa namba 44. Ubao ulionyesha 12. Wakakaa. Saa nne ubao ukasoma 19, kisha mashine ikaharibika, watu wakaanza kupanga mstari kwa mdomo na kugombana. Saa sita dirisha likafungwa kwa chakula. Zenon alifungua kitambaa, wakala pierogi za baridi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye jibini, huku mlinzi akiwaambia ndani hairuhusiwi kula na yeye mwenyewe ana makombo ya mkate shavuni.

Saa nane na dakika kumi wakaitwa. Karani alikuwa kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Kifuani alikuwa na kibati: Valdecir Covalski.

Leokadia alisukuma karatasi zote tatu chini ya kioo. Karani akasoma, akatazama picha, akatazama kompyuta.

"Bibi, hapa kuna watu wawili."

"Mmoja, mwanangu."

"Cheti kinasema Rosália Vilchinski. Jiwe linasema hivi, sijui hata linasomwaje. Mwanzo ni W, katikati kuna mkwaju, kistari kilicholala upande, juu ya herufi, na mwisho wake ni A. Huyu mwisho wake ni I."

"Mwanamume anaishia na I. Mwanamke anaishia na A. Ndivyo majina yetu yanavyokwenda. Baba alikuwa na I yake, mama akawa na A yake, na walilala kitanda kimoja."

"Kompyuta haijui nani kalala na nani, bibi. Inajua herufi."

"Aliyeandika cheti hakuwa akijua lugha yetu. Aliandika alivyosikia."

"Basi mngerekebisha."

"Lini? Wakati ule ukirekebisha unafungwa!"

Karani alijikuna sikio. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na watu wengine thelathini nyuma ya bibi huyu.

"Wewe mwenyewe ni Kowalski," Leokadia alisema kwa upole zaidi, akionyesha kile kibati. "Bibi yako alikuwa Kowalska. Hukumbuki?"

"Bibi yangu alikuwa anaitwa bibi." Kisha akashusha sauti. "Shahidi yuko wapi? Akinitamkia lile jina la kwenye jiwe, akasema ndiye huyu wa cheti, nitaandika maelezo nimpelekee mkuu. Shahidi mmoja hatoshi, lakini nitajaribu."

Leokadia alimvuta Zenon kwa mkono wa koti. Mzee akavua kofia. Akasimama wima kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Mzee, ulimjua marehemu aliyelala kaburi namba 61?"

"Nilimjua. Nilimshonea viatu."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Zenon alitazama muhuri uliokuwa juu ya meza. Akatazama bendera.

"Rosália Vilchinski, bwana," alisema haraka. "Kwa I, bwana. Kama ilivyo kwenye karatasi."

Karani alingoja. Akauliza tena, taratibu, na mzee akajibu vilevile, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hajasikika.

"Basi," karani alisema, akizirudisha karatasi. "Hata shahidi wako halijui jina la kwenye jiwe. Pole, bibi. Arobaini na tano!"

Ndani ya basi Leokadia alilikumbatia kopo lake mpaka walipofika darajani. Hapo yakamtoka yote.

"Miaka hamsini na mitano unapita mbele ya lile jiwe! Unalisoma! Kila sikukuu unalisoma! Leo nakuomba neno moja, neno moja tu, unampa jina la polisi!"

"Nilijua unataka lipi," Zenon alisema, kofia ingali mkononi. "Njia nzima nilikuwa nalo. Halafu nikaona muhuri. Leoka, mbele ya muhuri ulimi wangu unajua njia moja tu. Ndugu yangu alikaa miezi minne ndani kwa sababu alimsalimia farasi wake kwa Kipolandi sokoni. Farasi!"

"Wale wamekufa wote, Zenon. Unamwogopa nani?"

"Na wewe je?" Mzee aligeuka. "Asubuhi mpaka alasiri umesukuma picha na karatasi chini ya kile kioo. Mkia wa jina umeufundisha, sawa. Jina lenyewe umelitamka?"

Leokadia aligeukia dirisha. Alitazama nje, soya tupu pande zote mbili.

Mama yake alikufa Machi 1943. Baba yake, Walenty, alilichonga lile jiwe ndani ya banda la nguruwe, mlango umefungwa, wiki mbili. Walipokwisha kulisimika, askari mmoja alikuja juu ya farasi. Kusoma kwake kulikuwa kwa shida. Alimkuta Leokadia akipanda maua, akaunyoosha mjeledi kwenye jiwe, akauliza, "Nani amelala hapa?" Baba yake alikuwa kwenye ua wa makaburi, amesimama kama mti, macho yamemtoka. Leokadia akijibu jina lililoandikwa, baba anachukuliwa. Akijibu lile la serikali, anamkana mama yake akiwa amesimama juu yake. Leokadia aliangalia vidole vyake vya miguu. Askari akacheka. "Hata mwenyewe hajui," alisema, akaenda zake.

Aliposhuka kwenye basi hakwenda nyumbani. Alipanda kilima moja kwa moja na kopo lake la biskuti, Zenon akimfuata nyuma kwa mbali, akihema.

Mtu wa manispaa alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa na ndoo ya rangi nyekundu, brashi, na daftari lililofungwa kwa kamba shingoni. Mawe manane yalikuwa tayari na msalaba mwekundu, rangi ikichuruzika. Alikuwa anakaribia la tisa. Leokadia akapita mbele yake, akakaa juu ya kaburi namba 61 na viatu vyake vya kanisani, akaweka kopo mapajani.

"Bibi, samahani, sogea kidogo nipake."

"Sisogei."

"Mimi nimetumwa tu, mama yangu. Jina langu Jurandir, nina watoto watatu. Nisipopaka mimi, Jumanne atapaka mwingine."

"Jumanne, sawa. Jumatatu nina mshumaa wangu."

Yule mtu aliweka ndoo chini, akajifuta jasho. Alimtazama mzee aliyekuwa anapanda kwa tabu, akamtazama bibi. Akafungua daftari, akapitisha kidole.

"Tazama, sitaki ugomvi na wewe. Humu nina sehemu mbili. Wasio na mwenyewe, na wenye mgogoro. Mwenye mgogoro simpaki, namwandika, wakubwa watajua wenyewe. Lakini siwezi kuandika mgogoro wa mtu asiye na jina. Hapa kwangu 61 wameandika 'hajulikani'." Akalitazama lile jiwe, midomo ikijaribu herufi na kushindwa. Akachomoa kalamu nyuma ya sikio. "Kwa hiyo niambie wewe. Nani amelala hapa?"

Zenon alikuwa amefika. Alisimama kwenye ua, palepale aliposimama Walenty, kofia mkononi.

Leokadia aliinuka, akakung'uta sketi.

"Rozalia Wilczyńska," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Andika. Rozalia kwa Z. Wilczyńska kwa W, na ule mkwaju juu ya N usiusahau. Na mwishoni weka A, kijana. Alikuwa mwanamke. Alikuwa mama yangu."